Wanafunzi wapya wasiishie kupiga makofi katika midahalo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloua timu za midahalo katika shule zetu za sekondari. Nyingi huundwa na wanafunzi wa kidato cha nne watupu. Novemba wakishafanya mtihani wa taifa na kuondoka, klabu hubaki bila hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya waamuzi, na Januari mwalimu huanza upya.

Si kwamba wapya hawaji. Kila Januari hufurika ukumbini, lakini kufikia Pasaka wengi huwa wametoweka, na mimi niliye mlezi wa klabu nakiri kwamba kosa lilikuwa letu. Mtoto aliyesomeshwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba tulimtaka azungumze Kiingereza mbele ya shule nzima katika juma lake la pili. Alipokosea neno, wakubwa walimcheka na kumwita njuka, naye hakurudi tena. Waliovumilia tuliwaweka nyuma wapige makofi.

Mwaka juzi tulibadili utaratibu. Kikao kimoja kati ya viwili sasa hufanyika kwa Kiswahili, kwa kuwa anayejifunza kujenga hoja hapaswi wakati uo huo kuhangaika na msamiati, na kila mgeni hukabidhiwa kazi ambayo ikikosekana mdahalo hauendi. Binti mmoja wa kidato cha kwanza, mwenye haya kiasi cha kujibu kwa kutikisa kichwa tu, alipewa saa na kengele. Katika mtindo tunaoufuata, ule wa mashindano ya dunia ya shule, hotuba huchukua dakika 8, na kengele hulia dakika ya 1 na ya 7 kuonyesha muda ambao wapinzani wanaruhusiwa kuuliza. Baada ya majuma matatu binti huyo alimfuata nahodha akiwa na daftari alilolipiga mistari kwa rula, akamwonyesha kwamba kila mara dakika ya 5 humkuta bado yumo katika hoja yake ya kwanza. Nahodha, nami namsifu kwa hili, aliketi naye wakaipanga hotuba upya. Muhula uliofuata binti alisimama kuzungumza.

Kanuni za mtindo huo zinaruhusu timu kuwa na wanafunzi hadi 5, ilhali wanaozungumza katika mdahalo mmoja ni 3. Nawaomba waandaaji wa mashindano ya wilaya na mikoa waweke sharti kwamba angalau mmoja wa hao watano awe wa kidato cha kwanza au cha pili, na kwamba azungumze walau mara moja katika hatua za awali. Najua walimu wenzangu watahofia alama. Sisi tulipoteza mdahalo wa kirafiki kwa kuwasimamisha wageni wawili, na hao wawili ndio wanaoiongoza timu yetu mwaka huu.

Mlezi wa klabu ya midahalo,
Morogoro