Ahsante, kijana wa barazani Mkunguni

Wewe kijana wa kofia ya viua, tuliyekaa baraza moja Jumanne alasiri pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu: jina sikukuuliza, haya ilinishika. Siku mbili kiolezo cha tovuti ya mashua zetu kilikuwa kikinigomea, nami nimeshaanza kuitukana laptopu. Ulitazama kidogo tu, ukasema Node.js yangu, ile programu inayokiendesha kiolezo, ni kuukuu kuliko kiolezo kinavyotaka. Ukaweka mpya, ukafuta folda ya node_modules, yenye vifurushi vya msimbo ambavyo kiolezo hutegemea, na kuvisakinisha upya, kisha ukanionyesha kunakili faili la mfano, .env.example, liwe .env, nywila zikae humo, zisipande GitHub, kule mtandaoni watu wanakohifadhi msimbo. (Hilo la nywila nilikuwa nalikosea miaka.) Nikafungua kivinjari: jahazi hilo, limejaa skrini nzima! Ahsante sana, mwanangu. Kahawa tungu uliyoikataa bado nakudai uje uinywe.