Barua kwa Athmani: usiyaoshe mawe

Likoni, Jumapili usiku

Ndugu yangu Athmani,

Assalaam alaykum. Najua tumenyamaziana tangu arusi ya Mwanaisha, na kosa ni langu. Hilo nitakuomba radhi uso kwa uso. Leo salamu zitakuwa fupi: mama hajambo, goti limetulia, anakusalimu na anauliza kama huko unapata samaki wa kupaka. Watoto wako shule. Kazi yangu ya kutunza tangi la samaki hotelini bado ipo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema samaki wanne wa lile tangi la bahari la tajiri wako wamekufa ndani ya siku tano, maji yamefanya ukungu mweupe, na Jumanne ukipata kijana wa kukusaidia utayatoa mawe yote uyasugue kwa brashi, uoshe mchanga, uoshe na sponji za chujio kwa maji ya bomba mpaka zitoe maji meupe, kisha uanze upya kabla hajarudi safari. Athmani, nakuomba kwa jina la Mungu, usifanye hivyo. Kama beseni umeshaliandaa, lirudishe uvunguni. Nimekaa chini kuandika kwa sababu jambo hili kwa simu litakatika katikati, nawe utashika nusu tu.

Ule utelezi wa rangi ya kahawia kwenye sponji, unaouona ni uchafu, ndio chujio lenyewe. Sponji ni nyumba tu. Wanaosafisha maji ni wale waliohamia ndani yake: bakteria walioshika juu ya mawe, juu ya kila punje ya mchanga, kwenye kuta za vioo, ndani ya mabomba. Hawaelei majini, wamenata. Ndiyo maana ukibadilisha maji unabaki nao karibu wote, lakini ukisugua mawe unawatupa. Na maji ya bomba huko Muscat, hata kama ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, hutiwa klorini kabla ya kufika nyumbani. Klorini imewekwa humo iue bakteria, haitabagua hawa wako.

Najua haya kwa sababu niliyafanya. Sikukueleza wakati ule, nilikuwa na uchungu na sikutaka kulizungumza. Mwaka jana, mvua za masika, stima ilipotea saa tano usiku na jenereta ya hoteli ikakataa kuwaka. Nilipigiwa simu alfajiri. Nilipofika, stima ndiyo kwanza imerudi na pampu zinanguruma, nikashukuru Mungu nikadhani tumepona. Kumbe lile chujio la mtungi lilikuwa limefungwa usiku kucha na maji hayatembei. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni kama wewe na mimi. Ndani ya mtungi uliofungwa waliimaliza kwa saa chache tu, wakaanza kufa, na wale wa kuoza wakachukua nafasi. Pampu ilipowaka ilisukuma yale yote ndani ya tangi kwa mkupuo mmoja. Nilisikia harufu ya mayai viza tangu mlangoni. Ningelifungua mtungi, nikamwaga yale maji na kusuuza sponji kabla ya kuunganisha tena, pengine tungeokoka.

Kufikia adhuhuri kangaja wote watatu walikuwa juu, midomo wazi, matamvua yanakwenda mbio. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na hili ndilo linalonifanya nikuandikie usiku huu. Nilichanganyikiwa. Nikatoa sponji zote na pete za kauri nikaziosha chini ya bomba mpaka zikawa kama zimetoka dukani. Nikatoa nusu ya mawe nikayasugua. Nilikuwa najiambia nasafisha. Jioni maji yalimeremeta, na ndani ya siku tatu walikufa samaki sita kati ya tisa, pamoja na yule kitatange mkubwa wa mistari ya buluu na njano uliyekuwa ukimwita bwana harusi. Nilimtoa kwa mikono yangu mwenyewe. Tangi lilikuwa safi kabisa na halikuwa na mtu hata mmoja wa kula sumu.

Sumu yenyewe ni amonia. Samaki huitoa kwa matamvua kila anapopumua, chakula kilichobaki huitoa kikioza, na maiti ya samaki huitoa kuliko vyote. Kundi la kwanza la hao wadogo huila na kutoa nitriti, kundi la pili huila nitriti na kutoa nitrati, ambayo haina haraka ya kuua. Lakini angalia jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Maji ya bahari yana pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, ya 8.1 mpaka 8.4, na pH ikiwa juu, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa ile inayopenya matamvua. Kiasi ambacho kambale wa bwawani kwa baba yako angekivumilia siku nzima, kitatange hakivumilii. Nitriti ni kinyume chake: kwenye maji ya chumvi haina ukali ilionao kwenye maji baridi, kwa sababu kloridi ya chumvi huizuia kuingia. Kwa hiyo usiku huu shughulika na amonia kwanza. Na usije ukamwaga ile dawa ya kupandisha pH uliyosema fundi wa dukani amekuuzia! Ukipandisha pH wakati amonia ipo, umeiongezea makali.

Fanya hivi, leo usingoje kesho. Hesabu samaki waliobaki. Umesema tajiri alileta saba siku moja, wanne umewaona wamekufa, lakini waliobaki umewahesabu? Mzee wetu wa Mtongwe alikuwa akisema maji yakichafuka ghafla kwanza mtafute aliyelala nyuma ya jiwe. Mara mbili nimemkuta. Kisha badilisha robo ya maji. Changanya chumvi kwenye maji yasiyo na klorini, yale ya kuchujwa ya chupa kubwa yanafaa, mpaka kipimo cha chumvi kisome 1.025, joto lilingane na la tangi, ukoroge kwa pampu saa kadhaa ndipo utie. Kesho pima amonia, ikiwa bado imezidi miligramu 0.5 kwa lita badilisha robo nyingine, na keshokutwa vivyo hivyo. Tia mawe ya kutoa mapovu ya hewa, hata mawili. Chakula usiwape kabisa siku mbili, samaki mzima hafi kwa hilo. Ile mashine ya povu iache iwake usiku na mchana, hutoa uchafu kabla haujaoza na huingiza hewa. Ukungu mweupe usikutishe: ni bakteria wa aina nyingine, wale wanaokula mabaki, wameibuka kwa wingi. Utapungua wenyewe, lakini nao wanakula oksijeni, ndiyo sababu ya mapovu.

Sponji ikiwa imeziba kweli, ichovye kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa humo humo tangini, ikamue mara mbili tu, irudishe. Wiki hii moja, wiki ijayo nyingine. Usiguse zote siku moja. Na mawe, Athmani, mawe yaache.

Nimeandika mawe mara nyingi kwa sababu ndiyo roho ya tangi la matumbawe. Sponji na pete za kauri hufanya nusu ya kazi, hufikisha kwenye nitrati na kukomea hapo. Jiwe zuri lenye matundu hufanya na nusu ya pili. Juu yake kuna oksijeni, ndani kabisa haifiki, na huko ndani huishi wengine wanaochukua nitrati na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni inayopanda na kutoka zake. Kazi yote ndani ya jiwe moja. Unakumbuka nilivyokuwa nikikusomea habari za yule bwana wa Jakarta, Lee Chin Eng? Mwaka 1961 alieleza jinsi alivyofuga samaki na matumbawe kwa mawe yaliyotoka baharini, mwanga na mapovu ya hewa, wakati wengi walikuwa wanayachemsha matumbawe yawe meupe kama mapambo. Na hili utalipenda wewe uliyesoma baiolojia: mwaka 2005 watafiti walieleza kiumbe anayekula amonia waliyemtoa katika tangi la bahari la Seattle Aquarium, wakamwita Nitrosopumilus maritimus, na si bakteria hata kidogo. Ni wa jamii ya akea, viumbe wadogo kama bakteria lakini wa ukoo wao wenyewe. Baadaye ikajulikana ndugu zake wamejaa bahari nzima. Nilipolisoma hilo nilitoka nikaenda kusimama ufukweni. Nikawaza, hii bahari ya Likoni ninayovuka kila siku kwa feri inasafishwa na hao hao ninaowabembeleza ndani ya kisanduku cha kioo.

Umegusia kwenda kutoa mawe baharini, huko visiwani. Hapana. Matumbawe magumu yote yamo kwenye CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini walio hatarini, na hata pasingekuwa na mkataba ningekukataza. Mwaka 1998 tulikuwa wadogo, lakini nadhani unakumbuka baba aliporudi kutoka upande wa Kisite akasema matumbawe kule chini yamekuwa meupe kwa joto la bahari, akanyamaza asile. Mwamba uliobaki tuuache ulipo. Unachohitaji ni mbegu ya hao bakteria, na mbegu hupatikana kwa mtu. Tafuta huko Muscat mwenye tangi la mwaka mmoja au miwili lisilo na magonjwa, muombe sponji moja chakavu, au jiwe moja la ukubwa wa ngumi, au kikombe cha mchanga. Ibebe ikiwa imelowa maji ya tangi hilo hilo, usiiache ikauka kwenye gari kwa joto la huko. Mimi niliokolewa hivyo. Mzee wa Mtongwe alinipa sponji nyeusi inayonuka bahari na mawe mawili kutoka kwenye matangi yake ya kuhifadhia, akakataa hela. Watatu waliobaki wakaishi. Yule kangaja wa kahawia bado yupo, amenenepa, ananijua.

Halafu mwambie tajiri ukweli. Hawa wanaokula amonia huzaliana polepole, huchukua karibu siku nzima kuongezeka maradufu wakati wale wa kuoza wanahitaji dakika tu. Tangi jipya linataka wiki nne mpaka sita kabla ya samaki wa kwanza, ukilitia kamba mbichi mmoja aoze humo awe chakula chao, unapima mpaka amonia na nitriti zote zisome sifuri. Baada ya hapo samaki mmoja au wawili, unasubiri wiki mbili au tatu, unaongeza. Wakazi wa chujio huwa sawasawa na chakula wanachopata, hawana akiba. Ukileta saba siku moja, sumu inawazidi. Yeye ana fedha za kununua saba, sawa, lakini hawezi kununua zile wiki. Kama akikasirika, nipigie nizungumze naye mimi, nitamweleza kwa adabu.

Na kemikali za alkalini, zile zinazoizuia pH isishuke, ziangalie mwezi kwa mwezi, maana kazi hii ya kula amonia huila pia alkalini, na matumbawe nayo wanaidai. Ila hilo si la usiku huu. Nitrati nayo usiipiganie iwe sifuri, matumbawe wanataka kidogo, mimi naiacha kwenye miligramu 5 hivi kwa lita na wananawiri. Nitakueleza siku nyingine, nimeanza kusinzia.

Nina ombi langu pia. Dawa za kupimia nitriti hapa zimenikwisha na zinazopatikana tarehe imepita. Kijana wa Mama Rehema anarudi mwisho wa mwezi, ukiweza kumpa kichupa kimoja, na cha amonia kama kipo, nitakulipa kupitia kwa dada yako. Huwa sipendi kukaa bila kipimo msimu wa mvua. Siku hizi nimefunga pampu ndogo ya hewa ya betri inayowaka yenyewe stima ikipotea, na lile chujio la mtungi nimeliondoa kabisa, mawe na mchanga wanatosha. Hata wewe fikiria hiyo pampu, ingawa najua huko stima haipotei kama kwetu.

Sasa nijibu, tafadhali, usiniache nikilala na wasiwasi. Tangi lina lita ngapi hasa, maana kwenye sauti nimesikia mia nne na kisha mia sita? Amonia inasoma ngapi? Nani aliyelitunza kabla yako, na aliondoka na chujio lake? Kuna mtu aliyetia dawa yoyote humo, ya shaba au ya kuua bakteria? Wale matumbawe laini wamefunga au wamefunguka? Waliobaki ni samaki gani, na wanapumua wakiwa juu au chini? Na wewe mwenyewe unakula, unalala? Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Kama umeshayaosha, niambie vile vile. Sitakulaumu. Tutaanza na sponji ya kuomba.

Wako ndugu,
Salim

Nimesahau: mzee wa Mtongwe amenituma nikuulize kama bado unayo ile kofia yake. Anaitaka.