Mafuta “yanayooza upesi” yapimwe kabla ya kusifiwa

Mhariri,

Mara nyingi husikia vilainishi na dizeli vinavyotengenezwa kwa esta za asidi za mafuta (yaani michanganyiko ya kikemikali ya asidi za mafuta na alkoholi) vikisifiwa kwamba vikimwagika majini huoza vyenyewe, na kwa kuwa nimekuwa nikifanya majaribio ya namna hiyo maabarani, naomba nafasi nieleze sifa hiyo hupatikanaje.

Kwa mujibu wa mwongozo namba 301 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), kitu huhesabiwa kuwa kinaoza kwa urahisi iwapo, ndani ya siku 28, bakteria ambao hawajazoeshwa kitu hicho wametumia oksijeni, au wametoa kaboni dioksaidi, isiyopungua asilimia 60 ya kiasi kinachotarajiwa kwa hesabu iwapo kitu chote kingeoza, na kiwango hicho kifikiwe katika siku 10 tangu uozo ufike asilimia 10. Esta nyingi, zikiwemo za methili zinazotumika kama dizeli, hufaulu, kwa sababu vimeng'enya, yaani protini za bakteria zinazoharakisha umeng'enyaji, hukata kiungo cha esta, kisha mnyororo wa asidi humegwa kaboni mbili mbili.

Taabu ni kwamba haziyeyuki majini. Nimeona matone yakielea juu au yakinata kwenye shingo ya chupa, mbali na bakteria, na jibu likatoka dogo kuliko ukweli. Yafaa chupa ikorogwe muda wote na mafuta yatawanywe vizuri.

Tena, kuoza upesi si sawa na kutodhuru: oksijeni inayotumika ni ile ile wanayoivuta samaki. Nawaomba wauzaji waandike kwenye kibandiko ni jaribio gani lililofanywa na lilitoa asilimia ngapi.