Barua ya wazi kwa shangazi yangu: kitindamlo cha matunda kisichohitaji yai, maziwa wala tanuri

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tangu mjukuu wako alipoacha kula chochote kitokanacho na mnyama, umekuwa ukiniuliza ni kitu gani kitakachoushika mchanganyiko wa kitindamlo usitawanyike sahanini, iwapo yai limeondolewa, maziwa yameondolewa na tanuri halitawashwa. Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote, na nimeona nilijibu kwa barua ya wazi kwa kuwa wapo wengi wanaojiuliza vivyo hivyo, wakaishia kumkatia mgeni wa aina hiyo vipande viwili vya tikiti maji ilhali wenzake wanakula kitamu kilichoandaliwa kwa uangalifu. Naamini anastahili zaidi ya hapo.

Kitindamlo ninachokipendekeza kina matabaka matatu, na kila tabaka lina kishikio chake: chini ni unato wa tende, katikati ni mafuta ya nazi, juu ni mwani.

Tabaka la chini halina mengi. Saga kikombe kimoja na nusu cha karanga au korosho zilizokaangwa hadi ziwe chenga, uongeze kikombe kimoja cha tende laini zilizotolewa kokwa pamoja na chumvi kidogo, kisha usage tena mpaka tonge utakalolifinya kiganjani libaki limeshikana. Lishindilie katika chombo cha duara chenye upana wa sentimita 20, ikiwezekana kile ambacho kitako chake hutoka, na ukiweke jokofuni.

Kwa tabaka la kati, loweka kikombe kimoja na nusu cha korosho mbichi kwa saa 4 au zaidi, au kwa nusu saa ukitumia maji yaliyochemka. Zichuje, uzisage pamoja na robo tatu ya kikombe ya tui zito, theluthi moja ya kikombe ya sukari, theluthi nyingine ya mafuta ya nazi yaliyoyeyushwa, na vijiko viwili vya chakula vya maji ya ndimu. Hapa naomba usiwe na haraka: saga, ipumzishe mashine, usage tena, hadi utakapousugua mchanganyiko kati ya vidole viwili usisikie punje hata moja, ndipo uumimine juu ya tabaka la chini na ukirudishe chombo jokofuni. Tui liwe la kwanza, lililokamuliwa kwa maji machache sana, maana tui jepesi hutoa krimu iliyolegea. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na ndiyo yatakayoisimamisha krimu yako baada ya saa chache za baridi. Kuhusu utamu, asali haifai kwa kuwa ni kazi ya nyuki, na hata sukari nyeupe katika baadhi ya viwanda husafishwa kwa mkaa wa mifupa. Kwa hiyo ni vyema umuulize mjukuu wako anatumia ipi.

Sasa nifike kwenye tabaka la juu, ambalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Jelatini uliyoizoea hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nayo ni protini. Nanasi bichi na papai bichi vina vimeng'enya vinavyoivunjavunja protini hiyo, ndiyo maana jeli ya nanasi ambalo halijapikwa hukataa kuganda hata ikilala jokofuni usiku kucha. Agari, unga unaotokana na mwani mwekundu, si protini, kwa hiyo vimeng'enya hivyo haviigusi. Tafadhali usiichukulie kuwa kitu cha kuziba pengo la jelatini, kwa sababu mbele ya matunda haya mabichi inafanya kazi ambayo jelatini haiiwezi.

Koroga vijiko viwili vya chai vya unga wa agari katika kikombe kimoja cha maji baridi, uyachemshe huku ukikoroga, na uyaache yatokote kwa dakika 2 au 3, kwani agari isiyochemka barabara haigandi vizuri. Ukipata ile ya vipande vyembamba badala ya unga, tumia vijiko vya chakula mahali pa vijiko vya chai. Usiichemshe pamoja na maji ya matunda makali, maana uchachu ukikutana na moto huidhoofisha. Ipua kwanza, ndipo umimine ndani yake kikombe kimoja na nusu cha rojo la embe lililochanganywa na maji ya pasheni, ukikoroga upesi. Rojo hilo lisitoke jokofuni moja kwa moja, kwa sababu agari huanza kuganda ikiwa bado vuguvugu, nalo rojo baridi litaifanya iwe mabongebonge papo hapo. Subiri hadi mchanganyiko uwe wa moto kiasi tu, usioweza kuyeyusha krimu, uikwaruze krimu kidogo kwa uma ili matabaka yashikamane, kisha umimine taratibu juu ya mgongo wa kijiko.

Kuhusu matunda yenyewe, hapa hakuna moto wa kulificha tunda lisiloiva, kwa hiyo ukikosa embe lililoiva ni heri uahirishe siku. Embe linunuliwe mapema liivie nyumbani, hadi linukie penye kikonyo na libonyee kidogo. La nyuzinyuzi lipitishwe kwenye chujio. Nanasi ni kinyume chake, kwa sababu haliongezi utamu likishachumwa, basi ukitaka kulitumia chagua lililo tayari siku hiyohiyo. Pasheni iliyojikunja ngozi kwa kawaida huwa tamu zaidi, na mbegu zake zichujwe badala ya kusagwa, kwani zikisagwa huacha chembe ngumu na uchungu.

Kitindamlo kizima kikae jokofuni saa 4 au zaidi kabla ya kukatwa, lakini kisiingie kwenye friza, maana agari ikigandishwa kuwa barafu hutoa maji inapoyeyuka. Chumbani penye joto utaona krimu ikilainika huku tabaka la juu likibaki imara, kwa kuwa agari iliyokwisha kuganda haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85. Kwa hiyo kitoe dakika 10 tu kabla ya kuandaa, ukikate kwa kisu kilichochovywa katika maji ya moto na kufutwa kila baada ya kipande. Kama kati ya wageni yupo asiyepatana na karanga wala korosho, niarifu mapema, nikuandikie namna ya kutumia mbegu za maboga kwa tabaka la chini na tui tupu lenye agari kwa lile la kati.

Wako akupendaye,
mtoto wa kaka yako