Taarifa ya safari ya kurudi Leipzig

Ndugu wanakikundi,

Kama nilivyoahidi, naleta taarifa ya Leipzig, mji wa Ujerumani, ambako mwezi uliopita nilirudi pamoja na mwenzetu niliyeishi naye chumba kimoja bwenini huko ujanani, ili mnaotaka kwenda nasi mwakani mjue mnachokiendea.

Mji umebadilika, lakini haukutupotea. Lile jengo la mita 142 lililokuwa la chuo, ambalo wenyeji hulitania kwa jina la Jino la Hekima, bado limesimama ingawa chuo hakimo tena. Na treni sasa hupita chini ya katikati ya mji, katika njia iliyofunguliwa mwaka 2013. Tulikaa kitambo katika Kanisa la Nikolai, ambako maombi ya Jumatatu yalizaa maandamano makubwa ya tarehe 9 Oktoba 1989 dhidi ya serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki. Nguzo zake nyeupe zimechanua juu mfano wa makuti ya kijani, na mwenzangu, ambaye kunyamaza si kawaida yake, aliziangalia muda mrefu kisha akasema kwamba hata ujanani zilikuwa zikimkumbusha shamba la minazi la babu yake.

Kuhusu viza ya Schengen, yaani ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, ombi huwasilishwa si mapema zaidi ya miezi sita wala si chini ya siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Nakala za pasipoti nitumieni faraghani, si humu kundini. Mwenye matatizo ya magoti anieleze mapema, kwani tutatembea sana kwa miguu.