YAH: MTAMBO WA KUPASHA NA KUSUKUMA SHIRA YA NYUKI USIOFANYA KAZI ILIYOTAJWA

Kwa Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kipeperushi chenu kinasema mtambo mliotuuzia (tangi la lita 200, hita ya kilowati 3, pampu na mpira) ni wa shira nzito. Tulichopokea ni pampu ya maji iliyoongezewa hita.

Shira nzito, chakula cha akiba cha nyuki, ni kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji. Ikiwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi, mnato wake unazidi wa maji zaidi ya mara 100. Ikipashwa hadi 40 hushuka chini ya theluthi ya hapo. Bado pampu yenu ya maji, ambayo ni ya feni, haiiwezi: feni inazunguka, shira haiendi, mota inachemka. Mmezidisha tatizo kwa bomba la kuvutia la robo tatu inchi lenye chujio la matundu madogo mdomoni. Kazi hii inataka pampu ya gia ya mwendo wa polepole, bomba fupi la kuvutia la inchi moja na nusu, na valvu ya kurudisha shira kwenye tangi mpira ukifungwa, la sivyo mpira utapasuka.

Hita ndiyo mbaya zaidi. Koili iko wazi chini ya tangi, hakuna kikorogeo, na kihisi cha thamostati kimefungwa karibu na mfuniko. Shira nzito haijizungushi yenyewe kama maji, hivyo ya chini huungua na kuwa kahawia wakati kihisi bado kinasoma 35. Nyuki wakila sukari iliyoungua huharisha. Halafu kitabu chenu cha maelekezo kinaagiza shira ichemshwe na ndimu ili isigande! Asidi na moto mkali ndivyo vinavyozalisha HMF, kemikali itokanayo na sukari kuharibika, ambayo ni sumu kwa nyuki. Inatosha kupasha maji kwanza, kuzima moto, kumimina sukari na kukoroga hadi iyeyuke yote (chembe zikibaki husaga gia), kisha kusukuma ikiwa na nyuzi 40 hivi.

Fundi wenu alishauri tuongeze maji iwe kilo 1 ya sukari kwa lita 1 ya maji. Hiyo ni shira ya kuchochea malkia atage. Huchacha upesi kwenye joto, na nyuki huchoka kuikausha. Si chakula cha akiba.

Kadhalika, hakuna koki ya kumwagia mabaki. Usiku wa Juni na Julai hapa Singida shira hupoa chini ya nyuzi 20 na kuganda chembechembe ndani ya pampu, na hakuna pa kupitisha maji ya moto kuisafisha.

Tunataka pampu ya gia kama tulivyoeleza, tangi la kuta mbili lenye maji katikati, kihisi kishushwe ndani ya shira, na ukurasa wa ndimu uondolewe kwa wateja wote. Msipoweza ndani ya siku 14, chukueni mtambo kwa gharama zenu na mrejeshe fedha yote. Msipofanya lolote kati ya hayo, tutapeleka shauri Tume ya Ushindani, inayolinda walaji.

Katibu,
Kikundi cha wafugaji nyuki, Manyoni