Picha ya Seurat mmeikata, tuwekeeni nzima

Mhariri, salamu kwako na timu nzima. Jumapili iliyopita mlitoa ile picha ya Georges Seurat, mchoraji wa Ufaransa, ya watu wanapunga upepo kisiwani La Grande Jatte karibu na Paris, nikafurahi sana, ila mmeikata upande wa kushoto akabaki yule mama wa mwavuli na kima wake aliyefungwa kamba, halafu chini mkaandika matajiri wakipumzika. Hapana jamani. Hapo mlipokata kuna jamaa kajilaza kwenye nyasi, kavaa singlendi na kapelo, kiko mdomoni, mkono umejaa misuli, huyo ni mtu wa kazi kabisa, na pembeni yake tu kakaa bwana wa kofia ndefu na kifimbo, wako karibu kama abiria wa siti moja ila hawatazamani. Ukimtoa huyo jamaa umebadilisha habari yote!

Mimi naishi Chicago na picha yenyewe iko huku, makumbusho ya Art Institute, tangu 1926. Nilienda siku yangu ya ofu, ni kubwa, karibu mita 2 kwa 3, nikasogea mpaka karibu na huyo jamaa nikaona nyasi zote ni vitone, kijani, njano, bluu, mpaka rangi ya chungwa, kimoja kimoja, ukirudi nyuma hatua kadhaa vinashikana inakuwa nyasi tena. Na njano aliyotumia imegeuka kahawia kwa miaka, kwa hiyo alivyoimaliza 1886, kijana wa miaka 26, ilikuwa inawaka kuliko tunavyoiona leo. Na watu wa kazi hakuwaweka hapo kwa bahati mbaya, picha yake kubwa ya kabla ya hii ni ya vijana wanaoga mtoni Asnières, ng'ambo tu ya kisiwa hicho, nyuma yao viwanda vinatoa moshi, na Salon ya 1884, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, waliikataa.

Nang'ang'ania hivi kwa sababu picha hii haisafiri. 1958 iliazimwa New York, moto ukazuka humo kwenye makumbusho, ikaponea chupuchupu, na tangu hapo Chicago hawajaiazimisha tena. Wasomaji wenu wengi wataionea gazetini tu. Naomba toleo lijalo mwiweke nzima, hata kama itakula nusu ukurasa, na jamaa wa kiko aonekane.

Msomaji wenu, Chicago